Safari ndefu ya mkebe wa mafuta hadi Korbesa

KWA miongo kadhaa, mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunguliwa katika nyumba ya mfugaji kijijini Korbesa, Kaunti ya Isiolo, ulikuwa umesafiri mbali kuliko mwenye nyumba, na pengine kuliko mtu yeyote aliyesimama naye kwenye foleni ya mgao.

Mkebe huo wa lita nne ulijazwa kiwandani Marekani, ukafungwa ndani ya boksi pamoja na mingine mitano, ukavuka Bahari ya Atlantiki, ukapitia Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, kisha ukashushwa katika bandari ya Mombasa. Umbali huo wa baharini unapita kilomita 15,000. Hapo ulikuwa umesalia na takribani kilomita 1,000 za nchi kavu.

Korbesa ni makazi ya Waborana wafugaji katika eneo la Merti, bonde la mto Ewaso Ng'iro. Ni mahali pa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mvua ikikosekana misimu miwili, maziwa hukauka. Ikikosekana mitano mfululizo, kama ilivyokuwa katika ukame wa 2020 hadi mapema 2023, mifugo hufa na watu hubaki wakitegemea kinacholetwa na lori.

Wengi huuliza chakula cha msaada kimegharimu pesa ngapi. Swali ambalo huulizwa mara chache ni lile la siku. Kila chakula kilichofungashwa hutoka kiwandani kikiwa na idadi fulani ya siku za kuishi, na safari ya meli, foleni ya bandari, ghala na barabara mbovu zote hulipwa kwa siku hizo. Kile kinachobaki ndicho mlaji anachopewa.

Chakula kinachoweza kupanda meli

Si kila chakula huvumilia bahari bila jokofu. Kinachosafiri katika kontena la kawaida ni kile ambacho vijidudu haviwezi kustawi ndani yake, ama kwa sababu hakina maji ya kutosha, ama kwa sababu kimeuliwa vijidudu kwa joto na kuzibwa hewa isiingie.

Nyama, samaki na maharagwe ya mkebe ni wa kundi la pili. Mkebe hujazwa, huzibwa, kisha hupikwa chini ya shinikizo la mvuke katika joto la takribani nyuzi 121. Joto hilo linakusudiwa kumaliza mbegu za kijidudu kinachosababisha botulizimu, sumu inayopooza mwili na kuua. Mkebe ulioiva sawasawa na usiopata tundu waweza kukaa miaka. Ukivimba, ukitoa povu au ukirusha hewa unapofunguliwa, hautupiwi hata mbwa.

Kundi la kwanza ndilo lililozoeleka zaidi kaskazini mwa Kenya: unga wa uji wa mahindi na soya uliotiwa vitamini na madini, dengu zilizopasuliwa, biskuti za nguvu na mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A. Mafuta hayaozi kwa vijidudu, bali huchacha yanapokutana na hewa, mwanga na joto. Ndiyo sababu yaliwekwa katika mkebe wa bati badala ya chupa inayopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga huharibu vitamini A upesi.

Biskuti ni bingwa wa kuishi. Zile za BP-5 zinazotengenezwa kwa teknolojia ya Norway hufungwa katika pakiti ya gramu 500 yenye kalori 2,300 hivi, na muda wake ni miaka mitano. Huliwa kavu, au huvunjwavunjwa na kukorogwa katika maji zikawa uji, na kwa hiyo hupelekwa mahali ambapo hapana sufuria wala kuni.

Halafu kuna siagi ya njugu kwa watoto waliodhoofika. Mwaka 1996 daktari wa lishe Mfaransa, André Briend, akishirikiana na kampuni ya Nutriset ya Ufaransa, aliibuni dawa-chakula iliyokuja kujulikana kama Plumpy'Nut: njugu zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Kwa kuwa haina maji, haihitaji kupikwa wala kuhifadhiwa kwenye baridi, na muda wake ni miezi 24.

Kabla ya hapo, mtoto aliyekonda kupindukia alitibiwa kwa maziwa maalumu ya unga ambayo yalihitaji maji safi na kitanda cha hospitali. Mama wa Korbesa angelazimika kuacha mifugo na watoto wengine kwa wiki kadhaa. Pakiti ilimwezesha mtoto asiye na matatizo mengine kutibiwa nyumbani, mama akirudi zahanati kila baada ya muda kupimiwa mwanawe. Mhudumu wa afya hupima mzingo wa mkono kwa utepe, na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa.

Boksi moja lina pakiti 150, kiasi kinachokadiriwa kumtibu mtoto mmoja hadi apone. Kwa hiyo boksi likichelewa bandarini, hesabu yake si ya kilo. Ni mtoto mmoja kwa kila boksi.

Kontena, joto na karatasi

Nafaka ya wingi mkubwa, kama ngano na mahindi, husafirishwa ikiwa imemwagwa ndani ya tumbo la meli, na Mombasa hufyonzwa kwa mitambo hadi kwenye maghala marefu. Chakula kilichofungashwa huenda kwa kontena la futi 20 au 40.

Kontena hukinga dhidi ya wezi na mvua, lakini lina adui wake ndani. Chuma kinapopigwa na jua sitahani au uwanjani bandarini, hewa ya ndani yaweza kupita nyuzi 50. Usiku chuma hupoa, unyevu uliotoka kwenye maboksi na mbao hujikusanya darini, kisha hudondoka kama mvua juu ya shehena. Mabaharia na mawakala huliita jambo hili jasho la kontena. Karatasi ya boksi hulegea, maboksi ya chini huporomoka, mikebe hubonyea na kupata kutu, na unga huota ukungu.

Kinga yake ni ya kawaida kabisa, ingawa hupuuzwa mara nyingi: mbao kavu, mifuko ya kunyonya unyevu, kontena lisilo na tundu wala harufu ya mzigo uliotangulia, na ombi kwa kampuni ya meli kwamba shehena ikae chini ya sitaha na mbali na tangi za mafuta ya meli zinazopashwa joto. Kontena lililobeba ngozi mbichi au kemikali safari iliyopita huacha harufu ambayo unga huinywa kama sifongo.

Upande wa karatasi, mwagizaji huhitaji ankara, orodha ya mizigo, hati ya shehena inayotolewa na mwenye meli, cheti cha nchi bidhaa ilikotoka, na cheti cha afya kwa vyakula vyenye asili ya wanyama au mimea. Hati ya shehena ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana asiyekuwa nayo hawezi kudai kontena, hata jina lake likiwa limeandikwa kwenye kila boksi.

Tangu 2005, Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa, na zipewe cheti cha kutimiza viwango. Kwa vyakula, KEBS hudai kwamba angalau asilimia 75 ya muda wa kutumika iwe imesalia.

Kanuni hiyo yaonekana ndogo lakini hukata kama wembe. Bidhaa ya miezi 24 ina nafasi ya miezi sita kukaa ghalani na kusafiri. Ya miezi 12 ina mitatu tu, na mwezi mmoja au zaidi kati ya hiyo huishia majini. Bidhaa ya miezi sita haina haja ya kuota ndoto za kupanda meli.

Tarehe yenyewe nayo huleta utata. Mmarekani huandika mwezi kwanza, Mkenya huanza na siku. Boksi lenye maandishi 05/08/2026 laweza kuwa la Mei 8 au la Agosti 5, tofauti ya karibu miezi mitatu. Mweka ghala mwenye busara hutafuta pia tarehe ya kutengenezwa na kuhesabu mwenyewe. Aidha, kuna tofauti kati ya tarehe ambayo baada yake ladha na vitamini huanza kupungua na ile ambayo baada yake chakula hakifai kabisa kuliwa. Hata hivyo, mbele ya mkaguzi wa afya ya umma nchini Kenya, bidhaa iliyopita tarehe yake hairuhusiwi kuuzwa, na mjadala huishia hapo.

Bendera na maharamia

Msaada wa chakula wa Marekani ulianza rasmi Julai 1954, Rais Dwight Eisenhower alipotia saini sheria iliyokuja kuitwa Chakula kwa Amani. Mwaka huo huo sheria nyingine iliagiza kwamba angalau nusu ya shehena hiyo ibebwe na meli zenye bendera ya Marekani. Mwaka 1985 kiwango kiliongezwa hadi asilimia 75, na mwaka 2012 kikarudishwa 50.

Meli za bendera hiyo ni chache na mabaharia wake hulipwa zaidi, kwa hiyo nauli ilipanda. Mwaka 2007, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani (GAO) iliripoti kwamba katika mpango mkubwa zaidi wa msaada huo, takribani asilimia 65 ya matumizi ilikwenda kwa usafirishaji na gharama za uendeshaji. Kilichonunua chakula chenyewe ni theluthi moja na kidogo.

Sheria ya bendera ndiyo iliyoifanya Maersk Alabama kuwa katika maji ya Somalia Aprili 2009. Meli hiyo ilikuwa njiani kuja Mombasa kutoka Salalah nchini Oman, kupitia Djibouti, ilipovamiwa na maharamia wanne Aprili 8. Ulimwengu ulifuatilia masaibu ya nahodha Richard Phillips, aliyechukuliwa mateka katika mashua ya kuokolea hadi alipokombolewa na wanajeshi wa majini wa Marekani Aprili 12. Habari za shehena hazikuvuma.

Ndani yake mlikuwa na makontena 232 ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP): zaidi ya tani 4,000 za unga wa mahindi na soya kwa ajili ya Somalia na Uganda, na karibu tani 1,000 za mafuta ya kupikia kwa wakimbizi walioko Kenya. Kwa hesabu ya haraka, kila kontena lilibeba takribani tani 22. Meli ilitia nanga Mombasa Aprili 11, mabaharia wakiwa salama, na chakula kikashushwa.

Wakazi wa pwani walikuwa wamekwisha kuonja balaa hiyo. Juni 2005, MV Semlow, meli ya kampuni ya Mombasa, ilitekwa ikiwa na tani 850 za mchele wa WFP uliokuwa ukipelekwa Bossaso kwa waathiriwa wa tsunami. Mabaharia walizuiliwa kwa zaidi ya siku 100. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulituma manowari kusindikiza meli za WFP, na visa vya utekaji vilipungua sana kuanzia 2012.

Bahari ya Shamu haijatulia hata hivyo. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Mzunguko huo huongeza siku kadhaa kwa meli itokayo Ulaya, na siku hizo, kama nyingine zote, hutozwa kwenye tarehe iliyopigwa muhuri juu ya boksi.

Kilomita 1,000 za mwisho

Mtu angedhani kwamba bahari ndiyo ngumu. La. Meli kubwa ikishaanza safari, tani moja husafirishwa maelfu ya kilomita kwa nauli nafuu kuliko njia nyingine yoyote, na mzigo hautikisiki sana. Shida hukolea baada ya Mombasa.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, ambazo tangu Januari 2018 kontena laweza kuzikata kwa garimoshi la SGR hadi bandari kavu ya Embakasi. Nairobi hadi Isiolo ni takribani kilomita 280 za lami. Mjini Isiolo mzigo hutolewa katika kontena au lori kubwa na kuingizwa katika malori madogo yanayoweza kustahimili njia ya Merti.

Njia hiyo, takribani kilomita 200, ndiyo inayoamua mambo. Wakati wa kiangazi ni vumbi, mawe na mawimbi ya ardhi yanayofungua mishono ya magunia. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hugeuka gundi na makorongo hujaa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, yaliyofuata ukame ule ule uliomaliza mifugo, yalikata barabara nyingi za kaskazini. Lori likikwama hapo kwa wiki mbili, joto la ndani ya turubai hufanya kazi ambayo bahari haikuifanya kwa mwezi mzima.

Mwisho wa safari ni chumba cha mabati. Merti na vitongoji vyake, Korbesa ikiwemo, viko katika nyanda za chini ambako adhuhuri huchoma. Paa la mabati lisilo na dari huhifadhi joto hilo hadi usiku. Kanuni ya wataalamu wa hifadhi ni kwamba mkebe wa mafuta au pakiti ya njugu iliyopimwa muda wake katika nyuzi 25 au 30 haiishi muda huo huo katika 40. Tarehe kwenye boksi ni ahadi iliyotolewa kwa masharti, na masharti hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa.

Kwa sababu hiyo, ghala la kijijini lina sheria chache zisizo na mjadala. Maboksi yapangwe juu ya mbao, si sakafuni. Yasiguse ukuta, ili hewa ipite na panya waonekane. Yasirundikwe hadi kwenye mabati. Yenye tarehe ya karibu yatoke kwanza, hata kama yaliingia mwisho. Sheria hii ya mwisho ndiyo huvunjwa zaidi, maana aliyepakua jana huweka mzigo mpya mlangoni, na aliyekuja kugawa leo huchukua cha mlangoni.

Siku 147 dhidi ya 35

Mwaka 2009 GAO ilitoa hesabu nyingine iliyozua mjadala. Ilichunguza nchi kumi za Afrika kusini mwa Sahara na kupata kwamba chakula kilichotumwa kutoka Marekani kilichukua wastani wa siku 147 hadi kufika. Kilichonunuliwa ndani ya nchi husika kilichukua 35, na kilichonunuliwa katika nchi jirani 41. Aidha, chakula kilichonunuliwa barani Afrika kiligharimu takribani asilimia 34 chini ya kile cha kutoka Marekani.

Siku 147 ni karibu miezi mitano. Kwa pakiti ya miezi 24 hilo lastahimilika. Kwa mtoto ambaye utepe umesoma chini ya 11.5, halina maana yoyote.

Jibu la kwanza la wafadhili lilikuwa kuweka chakula karibu kabla ya janga, katika maghala ya miji ya bandari kama Djibouti, Durban na Dubai. Mpango huo ulifupisha safari, lakini ulihamisha tatizo la tarehe kutoka melini hadi ghalani. Chakula kinachongoja janga huzeeka kikingoja.

Mwaka 2025 ulionyesha mwisho wa hesabu hiyo. Serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, ambalo shughuli zake zilikoma rasmi Julai 1, makumi ya maelfu ya tani za chakula zilikwama katika maghala ya Houston, Djibouti, Durban na Dubai. Karibu tani 500 za biskuti za nguvu zilipita tarehe zake Dubai Julai mwaka huo na zikaamriwa ziharibiwe. Hazikuwa za Kenya. Zilikusudiwa watu wa Afghanistan na Pakistan. Lakini kila mweka ghala wa kaskazini aliyesoma habari hiyo alijua ni kitu gani kilichotokea: boksi halikuoza, halikuibwa wala kulowa. Lilikosa karatasi ya kulitoa mlangoni kwa wakati.

Athi River

Jibu la pili lipo kilomita 300 hivi kutoka Isiolo. Katika eneo la viwanda vya kuuza nje huko Athi River, kampuni ya Insta Products hutengeneza siagi ya njugu ya tiba kwa watoto waliodhoofika na kuyauzia mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa matumizi ya Kenya na nchi nyingine. Pakiti inayotoka hapo haihitaji bahari ili kufika Merti. Bahari haikuondoka kabisa, kwa kuwa kiwanda cha aina hii hutegemea unga wa maziwa na vitamini kutoka ng'ambo, lakini malighafi huweza kungoja na kupangwa kwa njia ambayo pakiti iliyokamilika haiwezi.

Waborana wa Waso wana uhusiano wa zamani na Athi River, na ulikuwa wa kuelekea upande wa pili. Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilijenga hapo kiwanda cha nyama. Tume ya Nyama ya Kenya (KMC) iliundwa 1950 na ikaendeleza kazi hiyo. Ng'ombe wa kaskazini walinunuliwa, wakazuiliwa katika malisho ya karantini ya Isiolo ili kuhakikisha hawana homa ya mapafu, kisha wakapelekwa kuchinjwa. Nyama yao ilitiwa chumvi, ikapikwa, ikafungwa katika mikebe na kupakiwa melini Mombasa kwenda Ulaya.

Mkebe ulikuwa na sababu yake. Nchi nyingi zilikataa nyama mbichi kutoka maeneo yenye ugonjwa wa miguu na midomo, lakini nyama iliyopikwa ndani ya mkebe ilipita, kwa kuwa joto limekwisha kuua kirusi. Mfugaji wa Merti aliyeuza fahali hakujua kwamba mnyama wake angevuka bahari akiwa vipande ndani ya bati. Biashara hiyo ilififia. KMC ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na tangu Septemba 2020 iko chini ya Wizara ya Ulinzi.

Katikati ya historia hiyo kuna jeraha ambalo wazee wa Waso hawalisahau. Wakati wa Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya ulinzi, Merti, Garba Tulla na Modogashe vikiwa miongoni mwavyo, na mifugo iliyozuiwa kufuata malisho ikafa kwa wingi au kupigwa risasi. Hapo ndipo watu waliokuwa wakiuza ng'ombe walipoanza kupanga foleni ya posho. Mikebe iliyotoka Athi River kwenda ng'ambo ilipungua, na ile ya kutoka ng'ambo ikaongezeka.

Pesa badala ya boksi

Kwa miaka ya hivi karibuni, sehemu kubwa ya msaada kaskazini imegeuzwa kuwa pesa taslimu. Mpango wa serikali wa kupambana na njaa, HSNP, ulianza 2008 katika kaunti za sasa za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na baadaye ukapanuliwa hadi kaunti nyingine za wafugaji, Isiolo ikiwemo. Familia hupokea fedha na kuamua yenyewe itanunua nini.

Inachonunua, hata hivyo, mara nyingi kimetoka baharini vile vile. Mchele ulioko madukani Merti huenda ni wa Pakistan, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa muuzaji mkuu wa mchele Kenya. Mafuta ya kupikia yamesafishwa nchini, lakini michikichi iliyoyatoa ilikua Indonesia au Malaysia. Tambi, ambazo zimekuwa chakula cha kawaida kaskazini yote, hustahimili vumbi na joto kuliko unga wowote. Tofauti ni kwamba sasa mwenye duka ndiye anayebeba hasara ya tarehe, na mwenye duka huihesabu kwa makini kuliko shirika lolote, maana boksi likipita muda amepoteza mtaji wake.

Kwa mnunuzi wa Korbesa, basi, kazi ya ukaguzi imehamia mikononi mwake. Bei ya punguzo katika duka la mabati yapaswa kumfanya aligeuze boksi na kutafuta tarehe. Mkebe wa nyama uliobonyea kwenye mshono, ulioota kutu ya kina au uliovimba haufai. Uliobonyea ubavuni kidogo, bila kufikia mshono, kwa kawaida hauna neno. Mafuta yanayonuka kama rangi ya mlango yamechacha. Pakiti ya siagi ya njugu iliyotengana, mafuta yakiwa juu na njugu chini, haijaharibika: hukandwa kwa vidole kabla ya kufunguliwa. Hiyo ya mwisho haipaswi kuwa dukani kamwe, kwani ni dawa ya mtoto na hutolewa bure zahanati.

Mikebe mitupu ya lita nne haikutupwa wakati wowote. Ilipasuliwa, ikanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa milango na kuta, maandishi ya Kiingereza yakitazama nje. Mingine iliachwa mizima ikawa vipimo vya maziwa na sukari sokoni.